Valvu za upepo kwa choo cha basi: ipi inafunga, ipi inamwaga usiku

Basi lenye choo ndani linauzwa kwa ahadi moja: abiria hatangoja lisimame porini ndipo akachimbe dawa. Ahadi hiyo imeshikiliwa na vitu viwili ambavyo abiria havioni, kile kinachopandisha maji ya dawa hadi kwenye sinki, na valvu iliyo chini ya tenki inayozuia mzigo usiishie barabarani. Kwenye choo cha kuzungusha maji, kile ambacho lita 12 hadi 15 za maji yenye dawa ya bluu huchujwa na kurudishwa juu safari nzima, vitu hivyo huendeshwa kwa mkono, kwa umeme au kwa upepo wa breki. Hapa vinapimwa vya upepo peke yake: valvu za kumwagia, na pampu ya dayaframu, yaani ya ngozi ya mpira inayosukumwa na upepo, ya kuflashia.

Kwa mwenye haraka: chukua geti valvu ya bamba la chuma cha pua, inchi 3, yenye silinda ya milimita 40 inayosukuma na kuvuta kwa upepo, ikiongozwa na solenoidi (valvu ndogo ya umeme inayoelekeza upepo) ya koili moja. Valvu ya kubana mpira iache dukani hata ukipunguziwa bei. Pampu ya dayaframu ni nzuri kuliko ya mota ya umeme, lakini kwa sharti la bomba la hewa la tenki kuwa wazi muda wote.

Tuanze na valvu ya kumwagia, maana ndiyo inayoleta aibu.

Geti valvu ya bamba ni sahani ya chuma au plastiki ngumu inayoteleza kati ya mipira miwili. Faida yake ni kwamba ikifunguka tundu linabaki wazi kabisa, hakuna kitu katikati cha kunasa karatasi au pedi. Swali ni nguvu ya kulisogeza bamba. Wengi hudhani adui ni uzito wa uchafu. Sivyo. Tenki lenye kina cha nusu mita linakandamiza bamba kwa presha ya bar 0.05 tu, na kwenye tundu la milimita 75 hiyo ni kama nyutoni 22, kilo mbili na kitu. Adui ni msuguano wa mipira, na zaidi ya hapo ni magadi ya mkojo yanayoganda juu ya bamba kama ukoko mweupe ndani ya birika. Bamba lisiposafishwa mwezi mzima linakuwa na ngozi ngumu, na kila likifunguliwa silinda inafanya kazi ya kuikwangua.

Sasa hesabu. Silinda ya milimita 32 kwa bar 6 inasukuma nyutoni 480 hivi, lakini upande wa kuvuta, ambako fimbo imekula sehemu ya pistoni, inabaki na 415. Ya milimita 40 inasukuma 750 na kuvuta karibu 630. Kwa valvu mpya hata ya 32 inatosha na kubaki. Tofauti inaonekana baadaye, magadi yanapoanza, au siku presha ya saketi ya ziada, njia ya upepo ya vifaa visivyo breki, imeshuka hadi bar 4 kwa sababu dereva ameegesha na injini imezimwa. Pale ya 40 bado inavuta nyutoni 420, ya 32 imebaki na 275. Kwa hiyo ukiuziwa seti yenye silinda nyembamba kwa maelezo kwamba "inatumia upepo kidogo", jua hoja hiyo haina uzito: silinda ya 40 yenye mwendo wa milimita 80 inakula kama lita 1.3 za hewa ya kawaida kufungua na kufunga mara moja. Kwenye mtungi wa lita 20, hiyo ni kushusha presha kwa bar 0.07. Sindano ya geji haitikisiki.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi ni aina ya silinda. Uliza kama ni ya kipimo cha ISO 15552. Silinda za kipimo hicho zinatengenezwa na Festo, SMC, AirTAC na wengine wengi, na matundu ya kufungia yanalingana. Ikifa, fundi anakwenda duka la spea za mashine za viwandani, ananunua nyingine yenye kipenyo na mwendo uleule, anafunga boliti nne, kazi imekwisha. Seti zenye silinda iliyounganishwa na mwili wa valvu kwa umbo la kiwanda chake peke yake zinapendeza kwa macho na ni fupi, lakini mpira mmoja wa pistoni ukikatika utaagiza valvu nzima kutoka nje.

Kuna geti valvu zenye springi: upepo unafungua, springi inafunga. Kwa nadharia ni salama zaidi, upepo ukiisha inajifunga yenyewe. Kwa kazi halisi springi ya kufungia ni dhaifu kuliko upepo, na inakutana na uchafu uliobaki kwenye mfereji wa bamba. Bamba linasimama milimita mbili kabla ya mwisho, kwa nje linaonekana limefunga, na basi linaondoka likidondosha tone moja kila sekunde chache kwenye lami. Ya njia mbili, ile inayosukuma na kuvuta kwa upepo, inasukuma kufunga kwa nguvu zake zote. Na upepo ukiisha usiku? Bamba halina sababu ya kusogea. Mipira inalibana, na uzito wa tenki unalikandamiza kwa kulilalia, hausukumi kuelekea wazi.

Hapo ndipo valvu ya kubana mpira inapoanguka vibaya. Hii ni bomba la mpira ndani ya ganda la chuma. Upepo ukiingia kati ya ganda na mpira, mpira unajibana kama midomo na njia inafungwa. Kwenye viwanda vya saruji na migodi inasifiwa kwa haki, maana haina bamba la kuganda wala mfereji wa kujaa uchafu. Lakini ona asili yake: bila upepo iko wazi. Ili ibaki imefungwa lazima presha ikae ndani ya ganda kila dakika, bar 2 au 3 juu ya presha ya kilicho ndani ya bomba. Basi lililolala yadi likiwa na fitingi moja inayovuja polepole litaamka limemwaga tenki lote chini ya tairi za nyuma. Unaweza kuongeza valvu ya mkono chini yake, lakini basi umenunua valvu mbili kwa kazi ya moja.

Valvu ya mpira wa chuma, yaani tufe lenye tundu linalogeuka robo, inafunga vizuri mno ikiwa mpya. Tatizo lake ni nafasi iliyopo kati ya mpira huo na ganda. Uchafu unaingia humo kila inapogeuka, unakauka, na mgeuko unakuwa mzito wiki hadi wiki hadi kichwa cha upepo kinashindwa. Ya kipepeo haistahili hata aya yake: diski inabaki katikati ya njia hata ikiwa wazi, na vitambaa vya kujifutia vinajikunja humo vyote.

Tuhamie upande wa kuflashia.

Pampu ya dayaframu ya upepo ni chumba chenye ngozi ya mpira katikati. Ukibonyeza kitufe, upepo wa takriban bar 2 unaisukuma ngozi, lita moja hadi mbili za maji ya dawa zinapanda kupitia valvu ya kuzuia kurudi na kuzunguka ukingo wa sinki. Ukiachia, springi inairudisha ngozi na maji mapya yanavutwa kupitia chujio. Tendo moja, flashi moja. Ukilinganisha na mota ya umeme inayozamishwa au kufungwa juu ya tenki, hapa hakuna oili sili ya shafti ya kuvujisha maji ya mkojo kwenye waya, na hakuna mota ya kuungua chujio kikiziba: dayaframu ikikosa maji inasimama tu na kusubiri. Miundo mizuri hurudisha kiasi kidogo cha maji kupitia chujio kila inaposukuma, hivyo karatasi iliyonasa inatemwa. Uliza jambo hilo kabla ya kununua, kwani ndilo linaloamua kama chujio kitasafishwa kila safari au mara moja kwa wiki.

Ubaya wake ni wa aina mbili. Kwanza, ni ya polepole. Springi inahitaji sekunde nne hadi sita kurudisha ngozi, na abiria aliyezoea choo cha nyumbani atabonyeza mara tatu mfululizo, ya pili na ya tatu zisitoe kitu, kisha aje kumwambia konda choo kibovu. Karatasi ukutani yenye maneno "Bonyeza mara moja, subiri" inapunguza malalamiko kuliko ufundi wowote. Pili, ngozi ikitoboka, upepo unaingia ndani ya tenki. Bomba la hewa likiwa wazi utasikia harufu juu ya paa na maji yatabubujika, basi. Likiwa limeziba, tenki linajaa presha na kifuniko cha sinki kikifunguliwa kinachotoka kinamkuta aliyesimama mbele yake. Bomba hilo lisipungue milimita 40, lipande moja kwa moja hadi juu ya paa, na lisiwe na kona inayoweza kutunza maji. Dalili ya mapema ya ngozi kutoboka ni rangi ya bluu kwenye tundu la kutolea upepo la solenoidi. Ukiiona, usingoje safari iishe. Funga upepo wa choo na ubadilishe ngozi.

Kifuniko cha chini ya sinki, kwa vyoo vyenye nacho, huvutwa na silinda ndogo. Milimita 20 kwa bar 3 ni nyutoni 94, inatosha. Kuna mafundi huiunganisha moja kwa moja na bar 8 ili "ifunge vizuri". Hapo inafika 250, na watoto huingiza mikono mahali ambapo mtu mzima hafikirii.

Ufungaji ndio unaoua vifaa vizuri. Upepo wa choo uchukuliwe kwenye saketi ya vifaa vya ziada, ile ya baada ya valvu ya njia nne inayogawa upepo kwa breki na vifaa, kamwe usiunge T kwenye mtungi wa breki za mbele au za nyuma. Hata kwenye saketi ya ziada weka valvu ya ulinzi isiyoruhusu upepo kurudi, inayofunguka presha ikishafika bar 6 hivi, ili bomba la choo likikatika breki zisijue. Kinachofuata ni valvu ya kuzuia kurudi, kisha chujio cha mikroni 40 chenye regyuleta ya bar 6, kisha solenoidi. Valvu hiyo ya kuzuia kurudi si mapambo: ndiyo inayohakikisha maji ya dawa hayapandi hadi kwenye mfumo wa upepo wa gari siku dayaframu na solenoidi zikifa pamoja. Kwa pampu ongeza regyuleta ya pili, bar 2.

Solenoidi inayopatikana kirahisi ni AirTAC 4V210-08: njia tano, koili moja, matundu ya robo inchi ya kuingia na kutoka, na ya moja ya nane ya kutolea. Kwa kazi hii inafaa, ila isome kabla ya kuifunga. Mwisho wake ni bar 8, na mabasi mengi hujaza hadi bar 8 au 10 na zaidi, ndiyo sababu regyuleta lazima itangulie. Mwanzo wake ni bar 1.5, kwa sababu inajisaidia kwa upepo uleule kusogeza kipande chake cha ndani; chini ya hapo koili italia "tik" na hakuna kitakachosogea, na fundi asiyejua atabadilisha bure koili isiyo na kosa. Ganda ni lilelile kwa volti 12, 24, 110 na 220, kilichoandikwa kwenye koili ndicho cha kutazama. Jina la 4V210-08 pia limepigwa chapa na viwanda vingi visivyo AirTAC. Nakala zinafanya kazi, lakini koili ikichemka kiasi cha kushindwa kushikwa baada ya dakika kumi, irudishe.

Usichukue dada yake yenye koili mbili, 4V220-08, kwa valvu ya kumwagia. Yenye koili mbili hukaa pale ilipoachwa mara ya mwisho. Umeme ukikatika katikati ya kumwaga inabaki wazi. Ya koili moja inarudi kufunga. Kwa volti 24 koili inavuta kama ampea 0.13, hivyo waya wa milimita 1 ya mraba na fyuzi ya ampea 2 vinatosha. Weka dayodi (ya kuzima mshtuko wa umeme wa koili) sambamba na koili kama swichi inapita kwenye kompyuta ya gari. Swichi yenyewe iwe chini, kwenye mlango wa kumwagia, ndani ya kifuniko, na umeme wake upitie swichi ya breki ya kuegesha. Kuna mabasi yenye swichi hiyo kwenye dashibodi kando ya ile ya taa za ndani. Hilo ni kosa linalosubiri usiku.

Bomba la nailoni milimita 8 kwa silinda ya kumwagia, milimita 6 kwa kifuniko cha sinki. Funga vidhibiti mwendo upande wa kutolea upepo, urekebishe bamba lifunguke kwa sekunde mbili au tatu. Likifunguka kwa kishindo linapiga mwisho wa silinda na boliti za kushikia zinalegea. Valvu ikae bamba likitokea pembeni, sio silinda kuning'inia chini. Ikiwa silinda iko chini, mfereji wa bamba unageuka bakuli la kukusanyia mchanga na mbegu za matunda. Kisha jaribu kabla hujamkabidhi mwenye gari: maji safi lita 20, ngoja nusu saa, kausha chini ya valvu kwa kitambaa na utazame. Upande wa upepo, zima injini, soma geji, rudi baada ya dakika kumi. Ikishuka zaidi ya bar 0.2 pita na povu la sabuni kwenye kila fitingi.

Mipira. Bamba linagusa maji ya dawa, kwa hiyo mpira wa EPDM ndio unaodumu pale, na EPDM haipatani na mafuta ya petroli. Grisi ya kawaida ya chasi, au mafuta ya mgando yanayouzwa kwa kupaka mwili, inaufanya uvimbe na bamba linakwama. Grisi ya silikoni tu. Ndani ya silinda mambo ni kinyume: kompresa ya gari hutema mafuta kidogo, hivyo mipira ya pistoni iwe NBR, aina inayovumilia mafuta. Seti zinazouzwa na mpira wa aina moja kila mahali zimerahisisha kazi ya muuzaji.

Maji ndani ya upepo yanaua solenoidi nyingi kuliko miaka. Kama ukifungua mtungi unatoka ute wa kahawia, kichujio cha draya (kikaushio cha upepo wa gari) kimekwisha, na kubadilisha valvu ya choo ni kupoteza hela. Badilisha kichujio kwanza.

Usafishaji wa kumwaga una utaratibu wake. Fungua bamba, acha tenki lishuke lote, kisha ingiza lita 15 hadi 20 za maji safi, na wakati yanashuka funga na fungua bamba mara tatu au nne. Hiyo ndiyo inayosafisha mfereji. Ukifunga kabla ya kusuuza unalikandamizia bamba uchafu pembeni na kuuacha ukauke hadi kesho. Mara moja kwa mwezi weka maji yenye asidi ya limao yalale kwenye tenki saa chache, magadi yanalainika. Dawa za choo zenye asidi ya haidrokloriki zinachimba chuma cha pua, na jiki inakula mpira, tena ikikutana na amonia ya mkojo inatoa gesi inayowasha macho na kifua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Sabuni ya unga nayo isiguse choo cha kuzungusha. Povu likiingia, pampu inavuta povu, sio maji.

Kuhusu kiasi: chini ya lita 10 za mwanzo usiondoke. Basi likipanda mlima wa Sekenke au Kitonga maji yote yanaenda nyuma ya tenki, na pampu ambayo mdomo wake uko mbele inavuta hewa. Mdomo ukae katikati, na tenki liwe na ukuta wa ndani wa kuvunja mawimbi. Matenki yasiyo na ukuta huo yanasikika kabla hujayaona.

Hukumu kwa ufupi wake: geti valvu ya inchi 3 yenye silinda ya ISO ya milimita 40 inapata alama ya juu kwa basi lolote lenye breki za upepo. Pampu ya dayaframu inapata nzuri, ikikatwa alama kwa mwendo wake. Kwa basi dogo lenye breki za mafuta, ambalo lingehitaji kompresa yake mwenyewe kwa ajili ya choo, usihangaike na upepo. Geti valvu ya kuvuta kwa mkono inafanya kazi ileile.

Jambo la mwisho la kutazama dukani: fimbo kati ya silinda na bamba iwe nje, yenye tundu la pini. Kitufe cha mkono kilichopo juu ya solenoidi hufanya kazi upepo ukiwepo tu. Kompresa ikifa Singida na tenki limejaa, utachomoa pini, utalivuta bamba kwa mkono kwenye shimo la kituo, utasuuza, utalirudisha. Kwenye boksi la dereva ziwepo koili moja ya akiba, ngozi moja ya dayaframu, valvu mbili za kuzuia kurudi, mita mbili za nailoni ya milimita 8 na fitingi nne za kuchomeka, pamoja na glavu ndefu za mpira.